Kanga za Marehemu Harusini

Kanga haizeeki ghafla. Doti mpya ikitoka dukani ni ngumu, inanuka rangi, na vipande vyake viwili bado vimeshikana. Mpaka ikatwe katikati, ipelekwe kwa fundi mwenye cherehani barazani aipinde, ifuliwe na kufuliwa tena, ndipo inapokubali kukaa mwilini. Hapo inapata cheo chake cha kwanza: kanga ya kutokea, ya kuendea shughuli za watu. Rangi ikipungua inashuka, inakuwa ya jikoni. Kisha ya kulalia. Kisha mbeleko. Nyumba ikiwa na mzazi inachanwa nepi, kwani hakuna kitambaa cha dukani kinachoufikia ulaini wa kanga iliyofuliwa miaka mingi. Ndiyo maana bibi zetu waliziweka akiba zile zilizochakaa, kwa ajili ya mtoto ambaye hata mimba yake haijatungwa. Baada ya hapo ni ngata ya kubebea ndoo, kishikio cha sufuria, na mwisho kabisa dekio.

Na tukiyafuata masimulizi ya pwani, kanga yenyewe ni kazi ya wanawake walioamua kuunga vitu. Katika karne ya 19 wenye maduka waliuza leso za mkononi zilizochapwa mfululizo kwenye jora, mnunuzi akikatiwa moja moja. Wanawake wakanunua sita kwa mkupuo, wakazigawa tatu tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu, wakapata nguo pana ambayo hakuna muuzaji aliyekuwa ameifikiria. Wafanyabiashara walipoona inapendwa wakaanza kuagiza kitambaa kipana kilichochapwa kizima, chenye pindo na mji wake. Maneno yakaja baadaye. Mombasa mpaka leo wengi wanaiita leso, na katika mtaa wa Biashara duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la Mali ya Abdulla lililoanza mwaka 1887, bado linauza. Kwa hiyo mwanamke anayekata kanga kuukuu akaziunga upya haharibu kitu wala haanzishi mtindo mgeni. Anaendelea pale walipoishia waliomtangulia.

Bibi yangu mzaa baba alipofariki, Tanga, nguo zake ziligawiwa baada ya arobaini. Doti nzima nzima zilikwenda kwa mabinti, wakwe na majirani waliomuuguza. Chini ya sanduku la bati zikabaki zisizogawika: zilizotoboka, zilizochanika, zilizopauka hadi ua halijulikani tena kama lilikuwa korosho au embe. Shangazi alizichukua. Alizifua, akazianika kivulini, akazirudisha sandukuni bila kusema atazifanyia nini. Miaka ikapita. Posa ya binti wa kaka yangu ilipokubaliwa ndipo akalivuta sanduku hadi ukumbini na kutangaza kwamba bi harusi atashonewa mfarishi.

Nilikaa naye katika kazi ile, na ninataka kuieleza kwa karibu kwa sababu wengi tunaisifu kazi ya mkono bila kuijua. Alianza na kipimo: kipande cha mraba alichokata kwenye boksi la sabuni. Kabla ya kukata, kila kanga aliinyanyua kuelekea dirishani. Katikati, pale mwili ulipokaa na fundo lilipofungwa miaka yote, kitambaa kilikuwa kimekwisha. Mwanga ulipita na vidole vyake vilionekana upande wa pili. Pindoni bado kulikuwa na nguvu. Kwa hiyo mfarishi ule ukawa wa pindo kuliko mji, na rangi zake zikawa kali kuliko tulivyotarajia kutoka kwa nguo za kizee. Mabaka yaliyokuwa mepesi lakini mazuri, ambayo hakutaka kuyaacha, aliyatia kitambaa kingine chini yake, akayapiga bandi kwanza, kisha akayakata mawili kwa pamoja.

Maneno yalimsumbua zaidi. Kanga bila jina ni pazia, alisema, na akakataa katakata kutupa ule ukanda wenye maandishi. Lakini mraba wa boksi la sabuni haubebi sentensi nzima. Ukiikata unabaki na "subira" peke yake, au "jirani", au nusu ya neno ambalo mtu hulimalizia mwenyewe. Alivipanga vipande hivyo sakafuni, akavihamisha, akavipanga tena, asitake maneno mawili ya ugomvi yakae pamoja kwenye kitanda cha maharusi. Anayeusoma mfarishi ule kona hadi kona hapati methali. Anapata kama mazungumzo ya chumba cha pili, neno hapa neno pale, na sauti anaijua ni ya nani.

Alasiri walikuja wengine. Wake wa ami, jirani wa nyumba ya nyuma, somo wa bibi aliyebaki hai, kila mmoja na sindano yake. Kazi ilikwenda polepole kwa sababu kila kipande kilisimamisha watu. Chekundu kile, mmoja akasema, alikivaa siku baba yako anaoa. Mwingine akabisha: haiwezekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kanga ilikuwa haionekani madukani, baada ya vita vya Kagera watu walipanga foleni kwa sabuni na sukari, nani angekuwa na doti mpya ya harusi? Wakabishana hadi chai ikapoa. Ikaamuliwa kwamba kanga ile ililetwa na mtu aliyekuwa akifanya kazi melini, na kwamba bibi aliitunza miaka miwili asiivae, akisubiri mwanawe aoe. Habari hiyo baba hakuwa akiijua. Aliletwa ukumbini akiwa na msahafu wake mkononi, akakitazama kile kipande, akakaa chini bila kuambiwa.

Bi harusi naye alichukua likizo akaja. Yeye alimjua bibi akiwa tayari ni mtu wa kitandani, wa kusomewa dua na kupakwa mafuta miguuni. Katika vipande vile akaonyeshwa kimoja kisichozidi kiganja, cha kanga ya sare ya lelemama, na akasimuliwa kwamba bibi yake alikuwa mchezaji mwenye mabega, akitazamwa. Alikishika muda mrefu. Kikawekwa katikati.

Nimefika kwenye jambo ninalolishikilia. Thamani ya zawadi ya kutengenezwa kwa mkono si kwa sababu ni rahisi ya bei. Mara nyingi si rahisi hata kidogo, ukihesabu bitana ya marekani, pamba, uzi na chai ya watu. Wala si kwa sababu ni ya zamani. Thamani yake ni kwamba kwa saa zote zile mtu fulani alikuwa akifikiriwa. Huwezi kushona mraba kwa mraba kwa ajili ya binti bila kumuwaza: kitanda chake kitakuwa na upana gani, analala na baridi au na joto, huyo mume ni mtu wa namna gani. Na kitu kikiwa kimetokana na kitu kingine, kikawa na mwili wa kanga ya marehemu, basi na marehemu amealikwa. Sherehe za familia zina watu wasioweza kuja. Tunawataja kwenye dua, tunawataja kwenye hotuba, kisha muziki unapigwa. Mfarishi ulimpa bibi mahali pa kukaa.

Harusi yenyewe ilifanyika ukumbini, mjini, kwa kamati, mwenyekiti, mweka hazina na kadi za michango. Mpambaji alikuja na gari la vitambaa vya kuvisha viti, maua ya plastiki, mapazia na taa. Usiku wa manane vijana wake wakavishusha vyote, na kesho yake vikapamba ukumbi mwingine kwa maharusi wengine. Simlaumu. Ni fundi, ana jicho, na kazi yake inamlea. Ila nimekaa kwenye kamati kadhaa, nimeziona bajeti zilizochapwa kwa mistari: ukumbi, chakula, vinywaji, muziki, picha, keki, gari la maharusi. Sijaona mstari wa kitu kitakachobaki nyumbani kwao Jumatatu. Mamilioni yanatumika, na wenyewe wanarudi kwenye chumba chenye pazia la dukani. Ningependa kila kamati ianze na swali la kitakachobaki kabla ya kuzungumzia ukumbi.

Lakini kudumu si hoja peke yake, na vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, vinanisuta nikisema hivyo. Usiku wa kuamkia harusi, wanawake wa pwani hukaa na sinia la asumini yaliyochumwa jioni yakiwa bado macho, hayajafunguka, pamoja na mawaridi, mrehani na vipande vya mkadi. Ua linachomwa sindano kwenye kikonyo chake. Ukikosea unalipasua na linageuka rangi kabla ya kuvaliwa. Linafunguka usiku huo huo uziani, nyumba nzima inanukia, na kesho yake jioni ni majani makavu kwenye ufagio. Hakuna kinachobaki, na hakuna anayesema saa zile zilipotea. Kilichokuwa kikitengenezwa pale ni kule kukaa. Wasichana husikia mambo wasiyosikia pengine, wakubwa waliokosana hulazimika kupokezana mkasi, na bi harusi anaona kwa macho yake ni wangapi walio upande wake. Harusi nyingi nilizozipenda nilizipendea hapo, kabla hazijaanza.

Mkeka uko kati ya mawili hayo, mfarishi na kikuba. Hudumu kwa miaka, na hutengenezwa watu wakitembea na kupiga soga. Kote Unguja na Pemba, na upande wa bara kandokando ya bahari, utamkuta mwanamke njiani na mzingo wa ukili mkononi, vidole vinasuka na macho yanaangalia barabara. Kabla ya hapo kuti changa la mkindu limekatwa halijafunguka, limeanikwa hadi likawa jeupe, limechanwa nyuzi za unene mmoja, na zile za rangi zimechemshwa sufuriani na rangi ya unga. Ukili ukitosha unashonwa ubavu kwa ubavu, na hapo ndipo fundi anajulikana: maua ya ukili mmoja lazima yakutane na ya mwenzake, la sivyo mkeka mzima unaonekana umeteguka. Kwa mikono hiyo hiyo hutoka msala, kitanga, kipepeo, na makawa ya kufunikia chakula cha wageni, yale yaliyochongoka juu, ambayo meza ya Idi bila hayo mimi huiona haijavaa.

Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, vikapu vya kusukwa vilirudi sokoni kwa nguvu. Nilifurahi, kisha nikasimama pembeni nikasikiliza watu wakinunua. Mtu aliyelipia ukumbi bila kubisha alikuwa akimvuta msusi bei mpaka pale asipopata hata gharama ya rangi. Kazi ya majuma ilikuwa ikipimwa kwa kipimo cha ndoo ya plastiki. Hilo linanikera kuliko mapambo yoyote ya kukodi. Kama tunataka mikono hii iendelee kuwapo siku za shughuli zetu, tuilipe siku zisizo za shughuli, bei aliyoitaja mwenyewe.

Kuhusu vitu vilivyotupwa, walimu wangu ni watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Kiunga, kaskazini ya Lamu, bahari ilikuwa ikileta ndara kuukuu ufukweni kwa wingi, na watoto wakizikata kuwa mashua na wanyama wa kuchezea. Mhifadhi wa bahari, Julie Church, aliiona michezo hiyo, akaanza kushirikiana na wanawake wa pale kutengeneza vitu vya kuuza. Ndio mwanzo wa kazi ambayo leo, Nairobi, Ocean Sole wanaifanya, wakigandisha ndara tabaka kwa tabaka na kuchonga ndovu, twiga na kasa. Lamu hiyo hiyo, mwaka 2018, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, lililoundwa kwa tani 10 za plastiki na kuvalishwa ndara 30,000, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Watu wazima walilishangilia, na lilistahili. Mimi nawakumbuka pia wale watoto wa ufukweni, ambao hawakuwa wakiokoa bahari. Walikuwa wanataka mashua.

Kutaka kitu ndiyo njia nzuri ya kuanza, nami nimejifunza kutilia shaka ufundi unaoanza na takataka badala ya haja. Chupa ya maji iliyokatwa petali ikapakwa rangi ya dhahabu inakuwa ua kwa saa sita. Baada ya hapo ni plastiki ile ile, sasa imekatika vipande na ina rangi, hata mwokota chupa haichukui. Afadhali ingebaki chupa. Lakini tulihitaji taa za kuweka kwenye ukuta wa uani usiku wa hina, na nyumbani kulikuwa na makopo ya maziwa ya unga. Vijana waliyajaza mchanga mbichi wakaushindilia, maana kopo tupu likipigwa msumari linabonyea. Wakachora maua ya kanga kwa chokaa, wakatoboa kwa kufuata mchoro, wakamwaga mchanga, wakaweka mshumaa ndani. Fundi bati wa mtaani alipita akawaonyesha jinsi ya kukunja mdomo wa kopo usikate mtu. Huyo ametoka kwenye ukoo wa watengeneza koroboi na majiko, watu ambao maisha yao yote hawajawahi kuona debe tupu. Makopo yale mpaka sasa hutolewa umeme ukikatika.

Kuna sauti moja siwezi kuipita, ya mama yangu. Yeye hakushiriki kwenye mfarishi kwa furaha kama ya shangazi. Utotoni alisuka ukili kila siku akitoka shule, si kwa sherehe, kwa ajili ya daftari na mafuta ya taa, hadi vidole vikapasuka. Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua mkeka wa plastiki wa rangi ya bluu, akautandika, akaupenda. Anaposikia vijana wa mjini wakisifu vitu vya asili hunyamaza. Ninaona ana haki. Saa za mikono tunazozisifu zilikuwa mara nyingi za wanawake na wasichana, na hawakuulizwa kama wanazo. Viraka vya nguo vilikuwa aibu kabla havijawa mapambo. Ufundi unakuwa zawadi pale tu mtu angeweza kukataa na hakukataa, na pale kazi inapogawanywa. Kwa sababu hiyo nilifurahi kaka yangu, baba wa bi harusi, alipoambiwa kwamba bitana ni juu yake, akaipima, akaikata, akaipiga bandi pembeni kwa kastabini ya mkewe kidoleni, kwa mishono mikubwa iliyokwenda upande. Shangazi aliiacha ile mishono kama ilivyo. Na mama, siku ya mwisho, alikuja akakaa, akavuta kona moja mapajani mwake akaipinda, akasema hiyo inatosha. Ikatosha.

Kuna waliomshauri bi harusi auhifadhi mfarishi kabatini kwenye mfuko, autoe wakija wageni. Shangazi hakutaka kusikia. Aliukabidhi kwa maagizo: ufuliwe kwa maji baridi na sabuni ya mche, usiguswe na jiki, uanikwe kivulini upande wa bitana ukiwa juu. Mtoto akiukojolea, ufuliwe hivyo hivyo. Chai ikimwagika, hivyo hivyo. Pamoja nao alimpa mfuko wa kitambaa uliojaa mabaki ya zile kanga, sindano mbili na kile kipimo cha boksi la sabuni, kwa kuwa pindo nazo ni za zamani na zitaanza kuachia pale kati, upande anaolala mume, ambaye ana mwili mkubwa.